Pumu Haina Umri: Mweleze Daktari Ilianza Lini



Mimi si daktari. Kazi yangu katika kaunti ni kufikisha habari. Habari ya leo ni hii: pumu si ugonjwa wa watoto pekee, na haifanani katika kila umri.

Ikianza utotoni, mara nyingi huambatana na mzio wa vumbi, chavua ya maua au manyoya ya paka. Mafua nayo huichochea. Kabla ya kubalehe, huwapata wavulana zaidi. Watoto wengi hupata nafuu wakifika ujana, na familia husema, “Amepona.” Lakini nafuu si kupona. Pumu inaweza kurudi mtu akiwa na miaka 25 au 40, hasa akivuta sigara.

Ikianza ukubwani, huwapata wanawake zaidi, na ni nadra kuondoka yenyewe. Wakati mwingine chanzo ni kazi: unga kwa mwoka mikate, vumbi la mbao kwa seremala, kemikali kwa msafishaji. Chunguza kama kifua hutulia siku za mapumziko na kubana tena ukirudi kazini.

Kwa wazee, kukosa pumzi hudhaniwa kuwa ni uzee tu. Pia hufanana na ugonjwa wa moyo, au mapafu yaliyoharibiwa na sigara na moshi wa kuni. Tiba zake ni tofauti, kwa hivyo vipimo ni muhimu.

Basi ukienda kituo cha afya, usiseme tu, “Nakohoa.” Eleza dalili zilianza ukiwa na umri gani, kama uliwahi kuugua pumu utotoni, na unafanya kazi gani.

Msiogope inhela, haimfanyi mtu kuwa mraibu. Ya kutuliza hufungua njia za hewa kwa muda. Ya kuzuia hupunguza uvimbe ndani ya njia hizo, na aliyeandikiwa kuitumia kila siku asiiache kwa sababu anajisikia vizuri. Tangu 2019, mwongozo wa kimataifa wa pumu haupendekezi vijana na watu wazima watumie ile ya kutuliza peke yake.

Mtu akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, au midomo ikigeuka rangi, msingoje kuche. Mpelekeni hospitali mara moja, awe mtoto au nyanya.