Tuufute mstari wa kwanza wa barua

Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana wa vuguvugu letu, hapa Kisangani. Tumeyaandika namna yalivyosemwa, tumeondoa tu kelele.

Asante kwa kufika, zaidi nyinyi wa Lubunga, juu najua mumelipa mtumbwi kwenda na mutalipa kurudi, kwa kusikiliza tu mtu mmoja akisema.

Nimepewa dakika 15. Nina jambo moja: ile barua. Mstari wa kwanza wa barua tunayotayarisha kwa gavana na kwa wizara ya elimu ya juu unasema: "Tunataka masomo ya juu yawe bure." Nimesimama kuomba tuufute huo mstari. Nasikia kule nyuma mumeanza kunung'unika. Munisikilize kwanza, kisha munipige.

Neno bure tulishaliona kazini. Katiba ya 2006, artikle ya 43, inasema masomo ya msingi ni ya lazima na ya bure kwenye shule za Leta. Maneno hayo yalilala kwenye karatasi miaka 13. Mwezi wa tisa 2019 yakaanza kutendeka, na sitaki mtu aende kusema nimepinga: mamilioni ya watoto waliingia darasani, hata wadogo wangu wawili. Lakini mukumbuke darasa lenyewe, watoto wamebanana, wengine wamekaa chini. Mzazi aliacha kulipa prime ya mwalimu. Ile nafasi Leta ilipaswa kuijaza, na kwa walimu wengi haikuijaza. Munawajua wale tunaowaita NU, wasiokuwa kwenye listi ya mishahara. Walishika chaki miezi, wengine miaka, bila franga hata moja ya Leta. Mwezi wa sita 2020 Benki ya Dunia ikakubali dola milioni 800 za kusaidia huo mpango usimame. Milioni 800, wandugu. Njo bei ya neno bure, na ile ni shule ya msingi.

Sasa pelekeni jambo hilo ISP, ISC, ISTM. Wanasiasa wakisema elimu ya juu wanafikiri UNIKIS, wanafikiri toga na picha. Lakini mtoto wa Mangobo, wa Kabondo, wa Tshopo, mara nyingi anaingia ISP apate kuwa mwalimu, ISTM apate kuwa muuguzi, ISC apate kushika hesabu. Hivi njo vyuo vya watu wa hapa. Mwanafunzi analala kwao, anakula kwao akipata, asubuhi anauza mikate ao anaendesha moto ya mjomba, kisha anakimbia darasani.

Na minervali inaenda wapi? Tuseme ukweli, hata kama inauma. Kuna inayoliwa, sitetei mtu. Lakini mingi yake inalipa prime ya asistanti, mafuta ya jenereta, karatasi na wino wa mitihani, mlinzi wa mlangoni. Leta inalipa mshahara wa wale walio kwenye listi. Pesa ya kuendesha chuo chenyewe inakuja kidogo, inachelewa, ao haikuji. Kwa hiyo mwanafunzi njo bajeti. Ufute minervali kesho bila kuweka kitu pale, chuo hakitafunga mlango, kitatafuta pesa pengine. Silabusi itapanda bei. Pesa ya staji itapanda. Na pointi, munajua wenyewe.

Wazee wanapenda kutuambia: wakati wetu Leta ililipa yote. Ni kweli, karibu yote. Papa mmoja wa hapa mtaani anakumbuka burse iliyokuwa inatoka, anakumbuka homu na resto. Lakini burse ile haikuwa zawadi, na haikuwa na amani. Tarehe 4 mwezi wa sita 1969 wanafunzi wa Lovanium walitoka barabarani Kinshasa, wanadai burse iongezwe na wapate neno kwenye usimamizi wa chuo. Walipigwa risasi. Mwaka 1971 waliposimama tena kuwakumbuka wafu wao, Mobutu akafunga chuo na kuwaingiza wanafunzi jeshini, na mwaka uleule akaunganisha Lovanium, chuo cha Lubumbashi na chuo chetu cha Kisangani, kilichoanzishwa 1963, kuwa chuo kimoja, UNAZA, kisicho na sauti. UNAZA ikavunjwa 1981, lakini burse yenyewe ilikuwa imeanza kufa na uchumi wa nchi, mpaka mzazi akabaki peke yake. Na sisi tuliona hayohayo: mwezi wa kwanza 2020 wanafunzi wa Kinshasa walitoka tena, safari hii juu ya minervali iliyopandishwa. Chuo kikafungwa, wakaondolewa kwenye homu. Kila mara tunapigania bei ya mlango. Hakuna anayeuliza waliopita mlangoni waliishia wapi.

Mimi nilianza masomo na rafiki mmoja. Sitamtaja, na chuo sitakitaja. Alikuwa na akili kunishinda, alama zake zilionyesha. Alikaa Lubunga. Minervali ya mwaka wa kwanza aliilipa: mama aliuza muhogo, shangazi akaongeza. Hakuangushwa na minervali. Aliangushwa na mto. Kila siku mtumbwi kuvuka, kisha moto kutoka bichi mpaka chuo, kisha kurudi. Siku asiyokuwa nayo, hakufika. Kazi za vitendo akakosa moja, ya pili, ya tatu. Mwaka wa pili ikafika enrolema ya mtihani, amebakisha salio dogo tu, lakini salio lilihesabiwa kwa dola, na dola ilikuwa imepanda tangu ile siku mama yake alipouza muhogo. Alipofika na franga alizohesabu, zilikuwa hazitoshi tena. Listi ikabandikwa bila jina lake. Tulisimama wawili mbele ya ile karatasi, akaisoma toka juu mpaka chini mara mbili, kisha akaniambia twende tukunywe maji.

Leo anauza kredi chini ya mwavuli. Miaka miwili ya muhogo wa mama yake imelala pale bila karatasi hata moja. Mimi nilimaliza, na niko shomeri, kwa hiyo munaweza kuuliza nani kati yetu alipata faida. (Kicheko.) Chekeni tu, yeye mwenyewe ananiuliza hilo kila tukionana. Kutokuwa na kazi ni vita ingine, tutaipigana siku yake. Nachosema leo: hata kama minervali ingekuwa bure, yule rafiki angeanguka. Mto ungebaki palepale.

Juu ya hii nafasi kati ya kuingia na kumaliza, kuna mji mmoja ulijaribu kitu na ukakipima. Marekani wana vyuo wanavyoviita vya jamii. Ni vya Leta, vya miaka miwili, na wanaosoma pale ni watoto wa mtaa, wafanyakazi, wamama wenye watoto. Tangu 1972 serikali yao inatoa ruzuku kwa mwanafunzi maskini, ile inayoitwa Pell: ni pesa isiyorudishwa, siyo mkopo. Na hata hivyo wengi walikuwa wanaingia, hawamalizi. Mwaka 2007 vyuo vya Leta vya New York vikaanzisha programu inayoitwa ASAP. Ililipa kile kilichobaki cha ada, lakini pia ililipa kadi ya basi na metro, ikasaidia vitabu, ikampa kila mwanafunzi mshauri anayemjua kwa jina, mwenye wanafunzi kati ya 60 na 80, wakati mshauri wa kawaida alikuwa na 600 na zaidi. Watafiti wakachukua wanafunzi wa hali moja, wakapiga kura nani aingie na nani abaki na mambo ya kawaida. Baada ya miaka 3, kwa walioingia, 40 kwa 100 walikuwa wamepata diploma. Kwa wengine, 22. Na sasa sikieni hesabu ya pesa: kila mwanafunzi aligharimu zaidi, lakini kila diploma iliyotoka iligharimu kidogo, juu pesa haikulala kwa watu waliokatika njiani.

Kadi ya basi, wandugu. Mtumbwi wa Lubunga njo kadi yetu ya basi.

Mutaniambia New York siyo Boyoma. Sawa, tukuje karibu, Kenya. Mwaka 2018 serikali yao iliamua kulipia kila mwanafunzi wa vyuo vya ufundi vya Leta shilingi 30,000 kwa mwaka, ikapanga ada isipite 56,420, na kwa kinachobaki mwanafunzi akaweza kuomba mkopo wa mpaka 40,000. Pesa ya Leta ilienda kwa chuo, kwa kichwa cha kila mwanafunzi. Vijana wakajaa kwenye vile vyuo. Lakini mara nyingi pesa ilichelewa, na mwaka 2023 serikali ikabadilisha mpango wote: wapya hawakulipiwa tena kwa kichwa, kila mmoja akaanza kupimwa umaskini wake kwanza. Mwezi wa 12 mwaka 2024 mahakama kuu ikasema mpango mpya unavunja katiba, serikali ikakata rufaa, na wanafunzi wakabaki katikati. Kwa hiyo tusichukue Kenya yote. Tuchukue ile njia ya kulipa chuo kwa kichwa cha mwanafunzi, na tudai iandikwe kwenye sheria na kwenye bajeti, siyo kwenye hotuba.

Sasa barua. Naomba mstari wa kwanza useme: tunadai ruzuku ya Leta kwa ISP, ISC, ISTM na vyuo vingine vya Leta vya Tshopo, kwa kila mwanafunzi aliyeandikishwa, na minervali ishuke kwa kiasi kilekile cha ruzuku kilichofika. Sehemu kubwa itoke mwanzoni mwa mwaka. Sehemu ndogo ifuate mwanafunzi akiingia mwaka unaofuata, ili chuo nacho kiwe na sababu ya kumtafuta yule aliyepotea wiki tatu. Yaya mmoja aliniuliza jana: ukilipa chuo kwa wanaopita, si watauza pointi zaidi? Ni swali nzuri na sina jibu kamili. Njo sababu nimesema sehemu ndogo. Kama mtu ana wazo bora, alete kabla barua haijaondoka.

Kwa gavana tuombe kitu kimoja tu, usafiri wa wanafunzi wanaovuka mto na wale wa mbali. Atasema mkoa hauna pesa. Tutamjibu kwamba artikle ya 175 inaipa mikoa 40 kwa 100 ya mapato ya taifa, na kama Kinshasa haitoi, basi adai na sisi, tutatembea pamoja naye. Na salio la mwanafunzi lihesabiwe kwa bei ya dola ya siku mwaka wa masomo ulipofunguliwa, siyo ya siku ya enrolema. Hiyo haimgharimu mtu jengo wala gari.

Kisha ukuta. Kila pesa ikiingia, karatasi ibandikwe pale wanapobandika listi ya enrolema: ngapi, tarehe gani, imefanya nini. Mji huu umejifunza hilo vibaya. Tarehe 9 mwezi wa pili 2022 mahakama ya kimataifa ya La Haye iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa vita yake hapa nchini, na hakuna mji unaoijua vita hiyo kuliko huu wetu, zile siku sita za mwezi wa sita 2000. Mfuko wa FRIVAO ukawekwa hapa kwetu. Na mwaka 2025 tukasikia kesi ya dola milioni 19 zilizosemwa ni za kujenga gereza la Kisangani, mpaka aliyekuwa waziri akahukumiwa kazi za nguvu. Siombi pesa ya wahanga iguswe hata franga, ile ni yao. Nasema tu kwamba milioni 19 zilitembea bila sisi kuona karatasi, sasa sisi tutaaminije ruzuku ya silabusi?

Jambo la mwisho. Barua yetu haina namba za hapa. Tukiingia kwa gavana tunasema "wengi hawamalizi", atauliza wangapi, tutatazamana. Kwa hiyo Jumamosi saa mbili asubuhi tukutane pale bichi, upande wa katedrali, na madaftari. Tutagawanyika kwa vyuo na kwa mitaa. Tunatafuta walioanza miaka mitatu iliyopita: nani bado yuko, nani ametoka, na alitoka mwezi gani, juu ya nini. Musiandike majina yao, muandike tu mtaa, chuo na sababu. Wale waliokimbia Lubunga tangu mapigano ya 2023 muwatafute pia kule walikohamia, juu wao hawako tena kwenye listi yoyote.

Mangobo tayari ina watu wanne, Kabondo watatu, Makiso nitashika mimi. Nani anashika Lubunga?