Mstari Juu ya Ramani

Leo nataka kusema nanyi habari za mipaka ya mitaa ya mji. Watu wengi huidhani kuwa kazi ya wapimaji na makarani tu; lakini mstari mmoja wa wino waweza kuamua nani atapata bomba la maji na nani atachota kisimani, nao huishi miaka mingi baada ya aliyeuchora kusahauliwa. Mfano wangu ni Dar es Salaam.

Mji huo ulianzishwa na Sayyid Majid, Sultani wa Unguja, katika miaka ya 1860, na mwaka 1891 Wajerumani wakaufanya makao ya serikali yao. Waingereza walipouteka mwaka 1916, wapagazi wa jeshi walipiga kambi nyuma ya mji, na jina la kikosi chao, Carrier Corps, likageuka vinywani mwa wenyeji kuwa Kariakoo.

Katika miaka ya 1920 serikali iliugawa mji sehemu tatu. Sheria haikutaja rangi ya mtu, bali namna ya nyumba: sehemu ya kwanza nyumba za kukaa za mtindo wa Kizungu, ya pili majengo ya kukaa na ya biashara, ya tatu nyumba za mtindo wa wenyeji. Lakini ni nani wakati ule aliyekuwa na fedha za kujenga kwa mawe na saruji? Watu waliielewa sheria ile upesi, wakasema Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, wala hawakukosea. Barabara na mifereji iliyo bora ikafuata sehemu hizo.

Kati ya Uhindini na Kariakoo paliachwa uwanja mtupu, nao ni Mnazi Mmoja. Uliwekwa ili utenge watu. Basi tazameni mambo ya dunia: uwanja ule ukawa mahali pa kukusanyikia, na leo una mnara wa Mwenge wa Uhuru. Twajua kwa hayo kwamba mpaka mbaya waweza kugeuzwa kuwa mali ya wote, maadamu ardhi yake haijajengwa.

Ardhi iliyokwisha kujengwa ina shida nyingine. Viwanja vya Kariakoo vilipimwa kwa nyumba za chini, zenye ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma. Siku hizi juu ya viwanja hivyo yamesimama maghorofa yenye maduka mengi. Mipaka ni ile ya kale, mzigo ni mpya. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa moja liliporomoka huko Kariakoo, na watu zaidi ya 20 wakafa. Sisemi kwamba ramani ndiyo iliyowaua. Nasema kwamba mtaa ukibadilishwa kazi yake, haitoshi kubadilisha rangi yake katika ramani. Ni lazima kupima upya misingi, mifereji, na njia ya gari la zimamoto.

Tena kuna mipaka ya utawala. Mwaka 2000 mji uligawanywa manispaa tatu, Ilala, Kinondoni na Temeke. Baadaye zikaongezwa Ubungo na Kigamboni. Mwaka 2021 Halmashauri ya Jiji ilivunjwa, na Ilala ikapandishwa kuwa jiji. Lakini maji hayasomi matangazo ya serikali. Mto Msimbazi hutoka vilima vya Kisarawe ukapita katika halmashauri zaidi ya moja, na taka zitupwazo juu huwafikia watu wa Jangwani wakati wa mafuriko. Mpango ukomao mpakani ni nusu ya mpango.

Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 yataka wadau wakutanishwe mpango unapotengenezwa. Basi mkiitwa mkutanoni, nendeni. Na ramani ikiwekwa wazi, isomeni. Tafuteni mahali nyumba yenu ilipo, kisha ulizeni: Maji ya mvua yatakwenda wapi? Uwanja wa watoto uko wapi? Atakayehamishwa atakwenda wapi, na atalipwa nini? Kuuliza si ujinga, na wino ukiwa mbichi hufutika kwa urahisi kuliko ukuta.