Mali Kauli, Deni Sugu na Kodi ya VAT



Awali ya yote tunapongezana kwa kutimiza miaka 10. Habari za hisa na marejesho zimekwisha kusemwa na waliotutangulia. Sisi tumepewa mada ya mali kauli, maana wengi tunaokopa hapa sandukuni tunakwenda nasi kuuza kwa mkopo, na mteja asipolipa ni sanduku linaloumia.

Kodi ya Ongezeko la Thamani, yaani VAT, ilianza tarehe 1 Julai 1998, ikachukua nafasi ya kodi ya mauzo. Tangu Julai 2023, anayelazimika kusajiliwa ni yule ambaye mauzo yake yanazidi sh. 200 milioni kwa miezi 12. Mama mwenye cherehani mbili hapa Buswelu hajafika huko, na asiyesajiliwa haruhusiwi kumtoza mteja VAT. Lakini mwenye duka la vifaa vya ujenzi au karakana kubwa ya ushonaji anaweza kufika upesi kuliko anavyodhani.

Sasa sikilizeni vizuri. Sheria ya mwaka 2014 inasema kodi inadaiwa kwa lile linalotangulia: kutoa ankara, kupokea fedha, au kufikisha mali. Haisubiri mteja alipe! Ukishatoa ankara mwezi huu, ritani na kodi vinatakiwa TRA tarehe 20 ya mwezi unaofuata.

Chukueni mfano. Mwenzetu aliyesajiliwa anaishonea hoteli, nayo imesajiliwa, mashuka ya sh. 1,000,000. Anaongeza kodi ya asilimia 18, ankara inakuwa sh. 1,180,000. Vitambaa alinunua kwa sh. 590,000, ndani yake kodi ni sh. 90,000. Anatoa hiyo 90,000 katika 180,000, anapeleka TRA sh. 90,000 zilizobaki. Hoteli bado inasema "njoo Ijumaa". Kumbe mama wa watu ameshatoa mfukoni sh. 680,000 na hajapokea hata senti. Kama fedha hizo ni mkopo wa kikundi, marejesho atayatoa wapi?

Je, kodi hiyo imepotea? Hapana. Mali ikirudishwa au bei ikipunguzwa, marekebisho hufanywa kwenye ritani. Deni sugu nalo lina nafuu yake, ila kwa masharti: muda uliowekwa na sheria uwe umepita, muuzaji awe amefanya juhudi za kweli za kudai, na deni liwe limefutwa kwenye vitabu vyake. Hapo atarudishiwa ile kodi ya sh. 180,000 tu. Ile milioni yake, jamani, serikali hairudishi. Na hoteli ikizinduka baadaye ikalipa nusu, yaani sh. 590,000, kodi ya sh. 90,000 iliyomo inarudi serikalini.

Kwa hiyo asiye na maandishi hana nafuu. Tunashauri haya:

Kwanza, tusipeleke mali kabla ya kupata oda ya maandishi na malipo ya awali yanayotosha angalau kodi.

Pili, kila barua ya kudai ibaki na nakala yenye tarehe na sahihi ya aliyeipokea. Kudai kwa mdomo njiani hakuna ushahidi.

Tatu, Kamati ya Mikopo imuulize mwombaji: unamuuzia nani, na atalipa lini? Hilo si kuchunguzana, ni kulinda hisa za wajane na wazee waliotuamini.

Hata ambaye hajasajiliwa ajizoeze sasa. Kodi aliyolipa dukani kwenye vitambaa hairudishiwi, hivyo mteja asiyelipa anamla mtaji mzima.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Tuwape mali wateja wetu, lakini tusiwaachie sanduku letu.