Ukurasa Mwepesi, Ufunguo Mkononi Mwako

Hotuba iliyosomwa na kamati ya jamii mbele ya wanamuziki, waandishi na mafundi wa Iyolwa, Wilaya ya Tororo



Hatuji kwenu kama wageni. Mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 kuleta umwagaji damu, maelfu ya watu walivuka mpaka kwa njia ya Malaba na Busia. Wengi walipokelewa Mulanda, si mbali na hapa, kabla ya kuhamishiwa Kiryandongo. Kati yao walikuwamo wapiga gitaa, waimbaji wa kwaya na watunzi wa mashairi. Mtu aliyekimbia usiku alibeba mtoto na blanketi. Kaseti, madaftari ya nyimbo na picha za bendi vilibaki, na mara nyingi viliungua pamoja na nyumba. Ndiyo sababu kamati yetu, inapoadhimisha miaka ile, imeona vema kuzungumza nanyi juu ya tovuti za wasanii.

Tovuti ina faida gani kwa mpiga tongoli? Ni mahali pamoja ambapo mtu wa Kampala, Nairobi au Toronto aliyesikia jina lako anaweza kufika, akasikia wimbo mmoja, akajua wewe ni nani na namna ya kukupata. Basi. Mengine yote ni mapambo.

Wengine watasema: mimi nina Facebook, yanitosha. Hatuwalaumu. Lakini kumbukeni Januari 2021. Siku chache kabla ya uchaguzi wa Uganda serikali ilifunga Facebook, kisha intaneti yote ikazimwa kwa siku kadhaa. Intaneti iliporudi, Facebook ilibaki imefungwa, na msanii aliyekuwa na wasikilizaji wake huko peke yake alijikuta hana njia ya kuwafikia ila kwa ujanja. Hata bila serikali mambo huharibika. Mwaka 2019 kampuni ya MySpace, ambako wanamuziki wa dunia nzima waliweka nyimbo zao, ilitangaza kwamba nyimbo zilizowekwa kabla ya 2016 zimepotea wakati wa kuhamisha mitambo. Nyumba ya kupanga ni nyumba, lakini mwenye nyumba ni mwingine. Tumieni Facebook, YouTube na WhatsApp kuwaita watu. Kazi yenyewe iwe na makao yake. Kweli, intaneti yote ikizimwa ukurasa wako nao hauonekani. Lakini faili zake unazo kwenye flashi mfukoni, na siku intaneti ikirudi unaziweka tena, hata kama uko nchi nyingine.

Ukurasa wa namna hiyo hauhitaji mtaalamu wa gharama kubwa. Huandikwa kwa lugha ya HTML, iliyobuniwa na Tim Berners-Lee alipokuwa akifanya kazi CERN, Uswisi. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN iliitoa teknolojia ya tovuti kwa watu wote bila malipo. Kijana aliyemaliza kidato cha nne anaweza kujifunza ya kutosha kwa juma moja, na ukurasa ulioandikwa kwa njia nyepesi ya miaka ile unafunguka hata leo.

Tunasisitiza wepesi kwa sababu msomaji wetu analipia bando. Picha moja ya simu ya kisasa yaweza kufika megabaiti 3 au 4; ukiipunguza hadi kilobaiti 100 bado uso unaonekana vizuri. Wimbo wa dakika 3 katika MP3 ya kawaida ni karibu megabaiti 3, kwa hiyo usiwekwe ujipige wenyewe ukurasa unapofunguka. Msikilizaji abonyeze akipenda. Na ninyi waandishi, msipige picha ya ukurasa wa daftari mkaiweka. Herufi 2,000 zilizochapwa ni kama kilobaiti 2 tu, na zikichapwa, mtu anayetafuta jina lako ataziona. Sisi tunaona vijana wengi wanapenda picha zinazoruka na rangi zinazometameta. Zinapendeza ofisini mwenye kompyuta. Kwa simu ya Iyolwa yenye mtandao hafifu, mtu anangoja, anachoka, anaondoka.

Jambo la simu ni dogo lakini sisi watu wa mpakani linatuhusu kuliko wengine. Namba inayoanza na sifuri na saba ina maana moja Malaba ya Kenya na nyingine Malaba ya Uganda. Andikeni +254 au +256 mbele. Mwenye laini mbili aandike zote mbili, na aseme ipi inapokea fedha.

Majina nayo yasisahauliwe. Mradi wa Singing Wells, ulioanzishwa 2011 na Ketebul Music ya Nairobi pamoja na Abubilla Music, ulipita vijijini Kenya, Uganda na kwingineko ukirekodi muziki wa asili na kuuweka kwenye tovuti. Kazi ile tunaiheshimu sana. Hata hivyo hiyo ni tovuti ya mradi. Mpiga akogo au tongoli naye aandike kwake: wimbo ni wa nani, ni wa lugha gani, nani alipiga, mwaka gani. Wimbo wa msiba wa ukoo usiwekwe kabla wazee wa ukoo hawajaulizwa.

Sasa tunafika penye ugomvi, nalo ni swali la nani anashika ufunguo. Jina la tovuti husajiliwa na hulipiwa kila mwaka. Mara nyingi kijana wa kompyuta hulisajili kwa jina lake, kwa nia njema, kisha akahamia Kampala au akabadili namba. Mwaka unakwisha, malipo hayafanyiki, jina linachukuliwa na mtu mwingine. Mama aliyechapisha anwani ile kwenye kadi 200 hana la kufanya. Kwa hiyo kabla ya kulipa hata shilingi moja, msanii ahakikishe usajili una jina lake mwenyewe, barua pepe yake mwenyewe, na neno la siri ameliandika kwenye karatasi iliyo nyumbani kwake. Kijana mwema hatachukia kuambiwa hivyo. Akichukia, tafuteni mwingine.

Kwa wakimbizi tunaongeza neno moja zito. Si kila mtu aliyekimbia ameacha kutafutwa. Mwenye hofu hiyo atumie jina la sanaa, asiweke sura yake, wala namba ya kitalu anachoishi, wala picha ya watoto mbele ya nyumba. Namba ya simu iwe ya mtu wa kati anayeaminika. Asiharakishwe na mtu yeyote, hata kamati.

Meza yetu iko pale chini ya mwembe. Anayetaka kuanza leo aje na wimbo mmoja au ukurasa mmoja wa maandishi, picha moja, na sentensi tatu za kujieleza kwa lugha anayoipenda, Dhopadhola, Kisamia, Ateso au Kiswahili. Waliotoka Busia watangulie, maana wana safari ya kurudi kabla ya giza.