MSUMENO WA MKANDA NYUMBANI



Baadhi yetu tumechanga fedha tukanunua msumeno wa mkanda uliokwisha kutumika, tukauweka katika kibanda nyuma ya nyumba, tupate kutengeneza viti na milango baada ya zamu. Ni jambo jema. Lakini tukumbuke: sheria ya Kenya ya mwaka 2007 juu ya fidia humlinda mfanyakazi aumiapo katika kazi ya mwajiri wake. Kidole kikikatika kibandani mwetu, hakuna mwajiri wa kulipa.

Basi tuutengeneze hivi. Kwanza tuchomoe waya wa stima. Meno ya mkanda yaelekee chini, upande wa meza. Mkanda ukazwe, kisha tuzungushe gurudumu la juu kwa mkono mpaka tuone hauhami. Vizuizi vya kando viwe mbali na mkanda kadiri ya unene wa karatasi. Kinga ishushwe karibu na ubao. Glavu tuzivue, na ubao mdogo tuusukume kwa kijiti.

Kazini twadai mashini ziwe na kinga. Tusijinyime nyumbani kile tunachokidai kazini.