Ukuta wa udongo haupendi saruji

Miaka michache iliyopita ukuta wa nyumba yetu ya urithi, Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulianza kumenyuka. Fundi tuliyemwita alishauri tubandue chokaa yote, tupige lipu ya saruji. Ukapendeza kweli. Baada ya masika mawili lipu ikadondoka vipande vipande, na nyuma yake udongo ulikuwa chepechepe. Ncha za boriti zilizoingia ukutani zilikuwa zimeoza.

Kosa lilikuwa letu. Kuta zile ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa udongo mwekundu na chokaa. Hunyonya maji ya mvua na unyevu wa ardhini, kisha huyatoa jua likiwaka. Chokaa huyapisha, saruji huyafungia ndani pamoja na chumvi.

Lakini chokaa haitaki haraka. Mawe hupangwa juu ya magogo, yakachomwa tanuuni. Yakishapoa humwagiwa maji, nayo huchemka yenyewe bila moto. Tone likirukia jicho huweza kulipofua, hivyo watoto wakae mbali. Chokaa hiyo yafaa ikae shimoni miezi kadhaa, imefunikwa na maji. Kadiri inavyokaa ndivyo inavyolainika. Kisha huchanganywa na mchanga, ikapakwa kwa tabaka nyembamba juu ya ukuta ulionyunyiziwa maji, na kukingwa na jua kali. Huwa ngumu polepole kwa kuvuta hewa ya ukaa.

Wapo watakaosema tanuu linakula miti. Ni kweli, na matumbawe hai ya baharini yasiguswe kabisa. Yapo mawe ya zamani ya nchi kavu. Lakini kubadilisha boriti zilizooza nako kunakula mikoko, tena kunamaliza mfuko wa warithi.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, iliporomoka, wakafa watu wawili. Sisemi kisa ni saruji. Nasema majengo haya yakichelewewa hayabembelezi mtu.

Basi, ndugu yangu mwenye nyumba ya zamani, kabla hujamlipa fundi mwulize swali moja: maji yaliyomo ukutani yatatokea wapi? Akikosa jibu, mpe nauli yake arudi kwao.

Hadi juma lijalo, kwaherini.