Kutafakari Si Kufukuza Mawazo



Mtu anayedamka saa kumi alfajiri kuwahi matatu ya Nairobi, kisha jioni akakwama kwenye msongamano wa barabara ya Namanga, akishauriwa ajaribu kutafakari kwa utulivu hucheka. Anaona ni mambo ya watu wenye nafasi, wa kuketi mkekani saa nzima miguu imekunjwa. Kiti cha plastiki kinatosha. Hata cha matatu, mradi asiwe dereva. Dakika tano zinatosha kuanzia.

Linalowavunja wengi moyo ni dhana kwamba akili lazima iwe tupu. Mtu hufumba macho na kufuata pumzi yake ikiingia na kutoka. Kabla ya pumzi ya kumi, amefika kwenye karo, kodi ya nyumba na mtungi wa maji. Anainuka akisema imemshinda. Haijamshinda. Akili hutangatanga, zoezi lenyewe ni kugundua imekwenda, kisha kuirudisha kwenye pumzi bila kujikaripia. Wafugaji wanaelewa: ndama huchepuka, hurudishwa kundini, huchepuka tena, na hakuna anayesema kuchunga kumemshinda. (Ila kukaa chini ya mgunga ukitazama ng'ombe si lazima kuwe kutafakari, mara nyingi akili iko kwenye mvua na bei ya soko la Bissil.)

Wengine huogopa kuingizwa dini ngeni. Ni kweli Wahindu na Wabudha wamefanya hivi kwa karne nyingi. Lakini hata Isaka, katika Mwanzo 24, yuko kondeni jioni akitafakari. Na mafunzo ambayo Jon Kabat-Zinn aliyaanzisha mwaka 1979 kwa wagonjwa huko Massachusetts, Marekani, hayamtaki mtu abadili imani.

Hatari iko kwa anayeacha dawa za presha, kifafa au huzuni kali kwa kuwa ameanza kutafakari. Asiziache bila kumwona daktari. Wapo pia ambao kimya huwarudishia machungu ya zamani. Hao wafumbue macho, wasimame, watembee. Anayejiwa na mawazo ya kujiua asibaki nayo peke yake. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kumshtaki aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba, hivyo asiogope kusema. Aende Hospitali ya Kitengela au Hospitali ya Rufaa ya Kaunti mjini Kajiado, au apige 1199 ya Msalaba Mwekundu, bila malipo.